Kabla ya Kununua Filamu Bubu ya Kifaransa, Soma Dakika

Mwezi uliopita niliuziwa mbuzi kwenye gunia. Nilikuwa naitafuta Entr'acte, filamu fupi ya René Clair ya mwaka 1924, ile yenye gari la maiti linalovutwa na ngamia. Muuzaji mmoja wa mtandaoni alikuwa nayo kwenye DVD, kava linang'aa, limeandikwa kwa herufi za dhahabu kwamba imerejeshwa upya. Nikalipa. Nikalipia na usafiri uliozidi bei ya diski yenyewe, nikangoja wiki tano.

Wanaoijua filamu hiyo wanawakumbuka waombolezaji wake. Wanaanza msafara kwa kuruka taratibu, miguu inaelea hewani kama watu waliomo majini. Halafu gari linachomoka, nao wanalifukuza. Utamu wote uko kwenye ile tofauti ya taratibu na mbio. Kwenye diski yangu walianza kwa mbio wakamaliza kwa mbio, wanaume wazima na suti zao, kama siafu waliomwagiwa maji ya moto. Nilipomwandikia muuzaji, akanijibu: "Dada, filamu za zamani ndivyo zilivyo."

Sivyo zilivyo! Kamera za enzi hizo zilizungushwa kwa mkono, na filamu bubu nyingi zilikwenda kati ya fremu (yaani picha moja moja) 16 na 22 hivi kwa sekunde. Sauti ilipoingia mwishoni mwa miaka ya 1920, kasi ikafungwa kwenye fremu 24. DVD za PAL, mfumo wa televisheni wa Ulaya na sehemu kubwa ya Afrika, hukimbia 25. Ukiichukua filamu ya fremu 18 ukaitupa hivyo hivyo kwenye 25, umeiongezea mwendo kwa karibu asilimia 40. Huo ni uvivu, na angalau unaonekana kwa macho. Nimchukiaye zaidi ni yule anayeyeyusha fremu mbili kuwa moja ili hesabu itimie. Mwendo unaonekana sawa, ila picha nzima ina ukungu usioujua unatoka wapi. Fundi mwaminifu hurudia fremu nzima: filamu ya fremu 20 ikienda kwenye 24, kila fremu ya tano huonyeshwa mara mbili, basi.

Kipimo changu ni rahisi. Simamisha picha pale mtu anapopunga mkono, kisha sogeza fremu moja moja kwa rimoti. Ukiona mikono miwili, mmoja mzima na mwingine kivuli, umechakachuliwa.

Kwa filamu hizi hilo si jambo dogo. Wafaransa wa miaka ya 1920 waliujenga ufundi wao juu ya kukata haraka. Katika Cœur fidèle ya Jean Epstein (1923) kuna bembea ya kuzunguka kwenye gulio, binti kakaa na mwanamume asiyempenda, na vipande vingine vina fremu chache tu: uso, kamba, umati, uso tena. Yeyusha fremu hapo uone utabaki na nini. Uji. Kwa hiyo sitasema lolote kuhusu vijitabu na mahojiano yanayoambatana na diski, wala ung'avu wa picha. Hayo kila mtu anayasema.

Kati ya diski ninazozipendekeza, nafasi ya kwanza naipa Napoléon ya Abel Gance (1927), toleo la BFI, taasisi ya filamu ya Uingereza, lililotoka 2016. Sifichi, hawa BFI nawapenda. Ni urejeshaji wa Kevin Brownlow, mtu aliyeanza kuokoteza vipande vya filamu hii akiwa bado mwanafunzi, na muziki ni wa Carl Davis. Inachukua saa tano na nusu, kwa sababu inakwenda fremu 20 kwa sekunde. Linganisha na lile toleo la mwongozaji wa Marekani Francis Ford Coppola lililoonyeshwa New York mwaka 1981: saa nne hivi, limepunguzwa na juu ya hapo likaendeshwa kwa fremu 24 ili liwahi kwisha. Mwisho wa filamu hii skrini hugawanyika picha tatu pembeni kwa pembeni, na BFI wamekuwekea kila picha peke yake pia, ukipata televisheni tatu na deki tatu ujipangie mwenyewe. Kwetu umeme wenyewe wa televisheni moja ni wa kuviziana nao, lakini nimependa kwamba mtu aliwaza hivyo. Mwaka 2024 Cinémathèque française, hifadhi ya filamu ya Ufaransa, imetoa urejeshaji wake mrefu zaidi, wa karibu saa saba. Bado sijauona, na hili langu siliuzi.

Pili ni L'Inhumaine ya Marcel L'Herbier (1924), iliyorejeshwa na Lobster Films ya Paris na kutolewa kwenye Blu-ray na Flicker Alley ya Marekani. Hadithi yenyewe nyepesi: mwimbaji mwenye maringo na mhandisi anayempenda. Nunua kwa ajili ya maabara iliyobuniwa na mchoraji Fernand Léger, na rangi zilizorudishwa, maana mwishoni mitambo inapowaka skrini hupigwa mimweko ya rangi tupu. Ukiitazama kwenye nakala ya kijivu umekula wali mkavu.

Tatu, Jean Vigo. Filamu zake zote zinaingia kwenye toleo moja la 2011 la Criterion, kampuni ya Marekani, na zote ni nne tu, maana alifariki 1934 akiwa na miaka 29. L'Atalante na Zéro de conduite zina sauti, kwa hiyo tatizo lake ni jingine. Kwenye DVD ya PAL, L'Atalante ya dakika 89 hushuka hadi 85 na kidogo, na muziki wa Maurice Jaubert husikika na sauti nyembamba zaidi, kama kaseti yenye betri mpya. Blu-ray ya fremu 24 haina shida hiyo. Ila angalia: Blu-ray hufungwa kwa kanda za dunia, na hilo la Criterion la Marekani ni la Kanda A, na Afrika yote iko Kanda B pamoja na Ulaya. Deki yako ikiwa haijafunguliwa kusoma kanda zote itakuandikia ujumbe wa kukataa na hela zimekwenda. Diski za BFI ni za Kanda B, sababu nyingine ya mimi kuwapenda.

Nne ni hiyo Cœur fidèle, ya Eureka ya Uingereza. Mdogo wangu aliyeko London alinipatia ya mtumba, akaileta kwenye begi katikati ya soksi.

Za bei rahisi? Ipo seti ya zamani ya DVD mbili ya Kino, kampuni ya Marekani, ya 2005, yenye Ménilmontant ya Kirsanoff na filamu za Man Ray. Kwa kuanzia inatosha. Zile mikusanyo zisizotaja nani amerejesha, kutoka negativu (filamu ya awali iliyopigwa kwenye kamera) ipi, mwaka gani, ziache.

Na hapo ndipo wauzaji wanaponichosha. Neno "imerejeshwa" halina mlinzi. Mtu anachukua nakala chakavu ya mtandaoni, anaipandisha mwanga, anachapa kava, anapandisha na bei. Ukimuuliza ni dakika ngapi, hajui. Anayeuza kitenge anajua yadi zake. Toleo zuri nalo likiisha dukani, wale wale waliolihodhi wanalirudisha sokoni kwa bei mara tatu, wakiliita adimu, wakati wao ndio walioliadimisha.

Diski yangu ya Entr'acte ninayo bado, muuzaji alikataa kuipokea. Mpwa wangu wa miaka sita anaiomba kila akija. Anasema babu wale wanamkimbiza ngamia, na hawampati.