Skyward Sword HD: chezea mkono, usichezee vitufe

Gemu ya The Legend of Zelda: Skyward Sword nimeimaliza mara mbili: kwanza kwenye Wii, mashine ya zamani ya Nintendo, ilikotoka mwaka 2011, kisha toleo la HD la Nintendo Switch lililotoka Julai 2021. Anayeniuliza kama inafaa, namwambia inafaa sana, mradi aicheze kwa Joy-Con, zile rimoti ndogo mbili za Switch, mkononi na ajifunze kutuliza mkono.

Joy-Con ya kulia ndiyo upanga, ya kushoto ndiyo ngao. Kosa la wachezaji wengi wapya ni kuurusha mkono ovyo. Gemu husoma mkono ulipo hata kabla hujapiga. Ukitaka kufyeka kutoka kulia kwenda kushoto, sharti mkono uanzie kulia. Ukiupeleka huko kwa kasi, mwendo huohuo unahesabiwa kuwa pigo, na Link, shujaa unayemchezesha, anafyeka upande ambao hukuukusudia. Hapo ndipo watu hulalamika kwamba sensa ni mbovu. Peleka mkono taratibu, utue kidogo, kisha piga kwa kifundo cha mkono, pigo fupi na kali. Bega halina kazi. Unaweza kucheza saa nzima ukiwa umekaa kwenye kochi bila kuchoka.

Ukishalijua hilo, mapigano yanageuka kabisa. Deku Baba, ua lenye meno, likifungua mdomo kwa kulala unafyeka kwa kulala; likifungua kwa kusimama unafyeka kutoka juu kwenda chini. Bokoblin, adui wa kawaida, huweka silaha yake kukinga upande anaouona upanga wako. Ghirahim, bosi (adui mkuu) wa hekalu la kwanza, ndiye mtihani wenyewe: ananyoosha mkono mtupu na kuufuata upanga wako kokote uendako, na ukipiga pale mkono wake ulipo anaudaka upanga kwa vidole. Shikilia upanga upande mmoja mpaka mkono wake uufuate, kisha hamia upande wa pili upesi na ufyeke papo hapo. Anayemshinda kwa kubahatisha atataabika na kila adui atakayefuata.

Ngao inahitaji mazoezi ya peke yake. Ukijikinga tu bila kuisukuma, kila pigo linaichakaza, na mwisho inavunjika. Sukuma Joy-Con ya kushoto mbele wakati pigo linafika: adui anayumba na ngao haipungui kitu. Ngao ya mbao huungua kwa moto, ya chuma hupitisha umeme, kwa hiyo ukienda volkano ya Eldin acha ya mbao, na ukienda jangwa la Lanayru acha ya chuma.

Sasa kuhusu kuteleza kwa kielekezi, ile alama ya kulengea kwenye skrini, ambako ndiko kunawakatisha wengi tamaa. Kifaa kilicho ndani ya Joy-Con hupima kasi ya mzunguko tu, na kasoro ndogondogo hujumlishana. Juu na chini kinajisahihisha kwa sababu sensa nyingine ndani ya Joy-Con huhisi mvutano wa dunia na kukionyesha chini ni wapi. Kushoto na kulia hakuna cha kukionyesha, ndiyo maana kielekezi huhama upande. Elekeza Joy-Con katikati ya skrini, bonyeza Y, kimerudi. Mimi hubonyeza kila ninapotoa kombeo au Mende, kile kidude kinachoruka, na mwishowe kidole kinafanya chenyewe. Kikiendelea kuhama hata mkono ukiwa umetulia, ingia kwenye mipangilio ya Switch, sehemu ya vidhibiti na sensa, uisawazishe upya Joy-Con ikiwa imelazwa juu ya meza iliyo sawa. Kitandani au mapajani haitakuwa sahihi.

Njia ya vitufe ipo: kijiti cha kulia kinakuwa upanga, na kamera unaizungusha huku umeshikilia L. Inachezeka, lakini vidole vinagombana, na ule mvutano wa wewe na Ghirahim kutazamana mkono kwa mkono unapotea. Ukiwa umeishika Switch yenyewe mikononi hii ndiyo njia pekee. Mwenye Switch Lite akitaka kuchezea mkono atalazimika kununua Joy-Con za ziada na kuisimamisha mashine mezani.

Yaliyobaki hayalingani. Mawe ya wakati ya Lanayru ni ubunifu mkubwa: unapiga jiwe, mchanga unaolizunguka unageuka majani, roboti zilizokufa zinaamka na kuanza kuongea, na ukitoka nje ya duara hilo jangwa limerudi. Koloktos naye, unamng'oa mikono kwa mjeledi kisha unamfyeka kwa upanga wake mwenyewe. Sijui bosi anayefurahisha kuliko huyo. Lakini anga, unakoruka kwenda eneo moja hadi jingine, ni tupu, maeneo matatu yaleyale unayarudia mno, na yule jitu anayeitwa The Imprisoned unapigana naye mara tatu bila sababu ya kutosha. Toleo la HD limepunguza sana maneno ya Fi, roho ya upanga inayomwongoza Link, linajihifadhi lenyewe, na linakwenda fremu 60 kwa sekunde badala ya 30. Kurudi angani kutoka mahali popote, hata ndani ya hekalu, kunahitaji amiibo, sanamu ndogo ya kugusisha kwenye rimoti inayouzwa peke yake, na hilo silikubali: lilipaswa kuwemo ndani ya gemu. Maandishi ni mengi na Kiswahili hakimo, hivyo mtoto asiyesoma Kiingereza vizuri atahitaji mtu pembeni.

Ukiikuta ya Wii kwa bei nafuu, nayo ni nzuri, ila haichezeki bila MotionPlus, kifaa kinachoifanya rimoti isome mwendo wa mkono kwa usahihi zaidi. Kabla hujalipa itazame rimoti upande wa vitufe: yenye kifaa hicho ndani imeandikwa hivyo chini ya neno Wii. Isiyoandikwa inahitaji kile kipande cha kuchomekwa chini yake, na muuzaji akuonyeshe kikifanya kazi.