Vifaa vya bei nafuu vya kutunza gari nyumbani: vilivyonifaa hapa Mombasa na visivyonifaa

Gari la Mombasa halichakai kama gari la bara. Huko watu wanalia na vumbi na mashimo. Huku kwetu adui ni chumvi, na chumvi haina mswalie Mtume. Upepo wa bahari huileta kila siku, ukaipaka kwenye bodi, ikapenya kwenye mikunjo ya milango, chini ya boneti na kwenye vichwa vya betri. Kwa kuwa chumvi huvuta unyevu, hata siku ya jua kali kuna sehemu za chuma ambazo hazikauki sawasawa. Kutu hutaka chuma, maji na hewa tu; ukiongeza chumvi na joto, inakwenda mbio. Kwa hiyo nikipima kifaa chochote cha gari, swali langu la kwanza ni kama kitanisaidia kupambana na chumvi. Mng'aro ni wa baadaye.

Mimi naishi Likoni na kazi yangu iko kisiwani, kwa hiyo gari langu, Toyota Fielder iliyokuja kutoka Japani ikiwa imeshatumika, linapanda feri kwenda na kurudi. Feri inaposhusha mlango wake kwenye ule mteremko wa zege, kukiwa na maji mengi magurudumu hukanyaga maji ya bahari na kuyarusha chini ya gari. Kila anayevuka pale anajua. Haya ninayoyasema ni ya vifaa nilivyonunua kwa pesa yangu au nilivyopewa, na nimevitumia vya kutosha kuvijua.

Kifaa ninachokithamini kuliko vyote hata hakiuzwi kwenye maduka ya mapambo ya gari. Ni bomba la kupulizia dawa shambani, lile la lita 8 lenye mkanda wa begani, mpini wa kupampu juu, na fimbo ndefu yenye pua mbele. Nililinunua duka la agroveti karibu na soko la Kongowea kwa shilingi 1,400. Unalijaza maji baridi yasiyo na chumvi, unapampu mpaka mpini uwe mgumu, kisha unaizungusha pua mpaka maji yaache kutoka kama ukungu na yatoke mshale mmoja. Fimbo ile inafika mahali ambapo mkono haufiki bila gari kuinuliwa: juu ya gurudumu kule ndani, nyuma ya bampa, kwenye mikono ya saspensheni, na kwenye ule mshono wa chini ya milango wenye vijitundu vya kutolea maji. Vijitundu hivyo vikiziba mchanga, maji ya chumvi hukaa ndani na chuma kinalika kutoka ndani kuja nje. Ukiona rangi imevimba, mambo yameshaharibika zamani. Ukipiga maji hapo baada ya wiki moja ya feri, yanayotangulia kutoka yana rangi ya chai ya mkandaa. Endelea mpaka yawe meupe.

Lita 8 zinatosha uvungu mzima ukizitumia kwa utaratibu, na kwa sisi tunaonunua maji kwa mtungi wa lita 20 kutoka kwa wenye mikokoteni, hilo ni jambo kubwa. Kasoro zake ni kwamba presha hushuka, kwa hiyo unapampu tena na tena, na tope lililokauka halitoki kwa mshale ule peke yake. Nalisugua kwanza kwa brashi ya nailoni yenye mpini mrefu, ya shilingi 200. Ukitia sabuni, hakikisha unalisuuza kabla ya kuliweka, la sivyo pua huziba. Na tafadhali nunua bomba jipya. Usichukue lililowahi kutiwa dawa ya magugu ukalipulizia hewani mbele ya nyumba yenye watoto.

Kabla sijaacha habari ya maji: onja. Visima vingi vya kisiwani na vya karibu na ufuo vina maji ya chumvi, na baadhi ya wanaoosha magari kando ya barabara hutumia maji hayo hayo. Gari linatoka linang'aa, kumbe limeoshwa chumvi kwa chumvi. Hata yale ambayo si ya chumvi hupita kwenye mawe ya matumbawe, yakabeba chokaa, na yakikaukia kwenye rangi nyeusi au kwenye kioo yanaacha madoa meupe ya mviringo. Madoa mapya hutoka kwa siki ya jikoni iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, unapaka, unangoja kidogo, unasuuza vizuri. Wakati wa masika nakinga maji ya paa kwenye pipa na kuyaweka kwa suuzo la mwisho. Hayana chokaa, na kioo hubaki safi.

Vitambaa vya maikrofaiba ni jambo la pili ambalo sitarudi nyuma kwalo. Vya kuuzwa kwa pakiti hupatikana kwa shilingi 100 hivi kimoja mjini, na tofauti yake na fulana kuukuu unaiona siku ya kwanza: kitambaa kile kinanyanyua mchanga, fulana inauburuta. Mchanga wetu mweupe ni mkali, ukiusukuma kwenye rangi unachora mistari midogo utakayoiona jua la jioni likipiga ubavuni. Natumia ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia kitambaa kabla hakijarudi kwenye sabuni. Sabuni iwe shampuu ya gari. Sabuni ya unga ya kufulia na ile ya vyombo zinaondoa mafuta vizuri mno, zinaondoa na nta iliyokuwa ikiikinga rangi, na hapa Pwani nta ndiyo ngozi ya pili ya gari. Kopo la nta ya kupaka kwa mkono, shilingi 600, linanitosha muda mrefu.

Nta hiyo ndiyo inayoniokoa na kunguru pia. Anayeegesha chini ya mwembe au mwarobaini Mombasa anajua ninachosema. Kinyesi chao kikipikwa na jua kwenye boneti kinakula rangi, kinaacha alama isiyotoka kwa kuosha. Usikikwangue kikiwa kikavu. Naweka chupa ndogo ya kunyunyizia yenye maji na tone la shampuu ndani ya mlango, pamoja na kitambaa kimoja; nalowesha, nangoja kilainike, nakinyanyua. Chupa hiyo ni shilingi 80 na imenilindia rangi kuliko dawa nyingine yoyote niliyoinunua.

Kwa upande wa tairi, nina vitu viwili: kipimo cha presha cha kidijitali cha shilingi 550 na kompresa ndogo ya kuchomeka kwenye soketi ya sigara ya gari, shilingi 2,300. Kipimo nakipa alama zote. Kompresa naipa alama nzuri, lakini saa ya presha iliyobandikwa juu yake siiamini. Nikiilinganisha na kipimo changu zinapishana, na zile za vituo vya mafuta nazo kila moja ina yake. Kazi ya kompresa ni kujaza, ya kipimo ni kusema ukweli. Washa kompresa injini ikiwa inanguruma ili usimalize betri, na uipumzishe, kwa sababu inapata moto haraka. Ukinunua, pima urefu wa waya dukani. Waya mfupi hautafika magurudumu ya nyuma.

Pima asubuhi kabla hujatembea. Presha hupanda kama psi 1 (psi ndiyo kipimo cha upepo wa tairi) kwa kila nyuzi 5 au 6 za joto, na lami ya Mombasa saa saba mchana si ya kuchezea, kwa hiyo ukipima ukitoka mjini utaona nambari kubwa, upunguze upepo, na kesho asubuhi tairi iko chini. Magari haya ya Japani yana kibandiko kwenye fremu ya mlango wa dereva chenye presha inayotakiwa, maandishi ni ya Kijapani lakini nambari zinasomeka, na zimeandikwa kwa kPa, kipimo kingine cha presha. Gawanya kwa 7 upate psi ya kukaribia: kPa 220 ni kama psi 32, kPa 230 ni kama 33. Wajazaji wengi wanakutilia 35 au 40 bila kuuliza. Waonyeshe kibandiko.

Sasa betri. Joto hufupisha maisha ya betri, na chumvi hushambulia vichwa vyake. Malitimita, yaani kipimo cha umeme, ya kawaida ya shilingi 700, ile ya manjano inayotumiwa na mafundi wa redio, imenipunguzia maneno mengi gerejini. Unaiweka kwenye DC 20, waya mwekundu kwenye kichwa cha chanya, mweusi kwenye hasi, gari likiwa limelala usiku kucha. Volti 12.6 betri imejaa, 12.2 iko nusu; ikikaribia 12 anza kujipanga. Kisha washa injini: inatakiwa isome kati ya 13.8 na 14.4. Ikibaki kwenye 12 na kitu injini ikinguruma, alteneta, yaani jenereta ya gari, haichaji, na betri mpya haitakutibu. Jambo moja la hatari: malitimita ina tundu la pili la waya mwekundu, lililoandikwa 10A. Hilo ni la kupima mkondo. Ukipimia betri kwa tundu hilo umeiunganisha moja kwa moja, na waya unaweza kuungua mkononi.

Fundi wangu, mzee mmoja wa Mtongwe, nilipomfikia na nambari hizo aliniambia, "Mwanangu, leo umenipunguzia kazi nusu." Na hakika tulikwenda moja kwa moja kwenye mkanda wa alteneta uliolegea, na nikalipia mkanda tu.

Ule ukungu wa kijani na mweupe unaoota kwenye vichwa vya betri nauosha kwa kijiko cha magadi soda ndani ya kikombe cha maji ya moto, na mswaki mkuukuu. Kinachemka kidogo, kinakwisha. Anza kwa kufungua waya wa hasi, funga huo mwisho, na ukimaliza paka mafuta mazito ya mgando juu ya vichwa ili hewa ya bahari isiguse chuma. Gharama yake haifiki shilingi 100.

Kisomaji cha OBD2 cha bluetooth, kile cha kusomea hitilafu kwenye kompyuta ya gari, shilingi 900, kinachomekwa chini ya usukani na kuzungumza na simu ya Android, nakipendekeza kwa tahadhari. Taa ya injini ikiwaka kinakupa msimbo: P0171 ni mchanganyiko wenye hewa nyingi kuliko mafuta, P0420 ni kichujio cha moshi kisichofanya kazi inavyotakiwa. Msimbo hukuonyesha eneo la tatizo, haukutajii kipuri cha kununua. P0171 yaweza kuwa mpira wa hewa uliopasuka wa bei ya soda, na kuna watakaokuuzia sensa kwa sababu hiyo hiyo. Kufuta msimbo nako hakutengenezi kitu, taa itarudi. Baadhi ya magari kongwe ya Japani hayasomeki kabisa kwa vifaa hivi, kwa hiyo omba ukijaribu kabla ya kulipa.

Vakiumu ndogo ya kuchomeka kwenye soketi ya sigara sipendekezi. Nilipewa zawadi, nikaitumia, lakini hesabu yenyewe inaikataa: volti 12 kwa ampea 10 ni wati 120, na mchanga wa ufuoni uliojikita kwenye zulia la gari hauogopi wati 120. Brashi ngumu, mikeka itolewe ikung'utwe, na vakiumu ya nyumbani ya wati elfu moja na zaidi ukiweza kuazima. Hapo ndipo mchanga unatoka. Dawa ya kung'arishia taa zilizopata manjano inafanya kazi kweli, ila bila kupaka kinga ya jua juu yake manjano hurudi. WD-40 ni nzuri kwa kufukuza maji na kulegeza nati iliyoshikwa na kutu, lakini si grisi; usiipulizie bawaba za milango ukadhani umezilainisha kwa mwaka.

Jeki iliyokuja na gari inatosha kubadilishia tairi, mradi uwe na kipande cha ubao mpana cha kuweka chini yake, maana mchanga wetu unaimeza. Kuingia uvunguni ni habari nyingine. Pale hununui kwa bei nafuu: stendi mbili madhubuti, sakafu ngumu, na magurudumu yawekewe mawe. Usilale chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja.

Kinachobaki kwenye orodha yangu ni spana ya tarki, ile inayobofya ukifikia nguvu uliyoiweka. Nati za magurudumu za Fielder hukazwa kwa Nm 103 (Nm ni niutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza), na vijana wa panchari hukaza kwa kurukia bomba la chuma mpaka nyuzi za boliti zinachoka, halafu siku ya panchari usiku nati haifunguki. Ninazoziona mjini ni kuanzia shilingi 3,500. Anayejua duka la Mombasa linalouza iliyopimwa vizuri kwa chini ya hapo, anielekeze.