Front by Front ya Front 242: inunueni, ila msiisikilize kwa simu

Nyota nne kati ya tano. Ile moja niliyoizuia ni ya CD, si ya muziki.

CD niliipata kwa muuza vitu vya Bulaya hapa Lubumbashi, wale wanaoshusha redio, friji na baiskeli kutoka kwenye kontena. Kasha safi, kijitabu hakimo, na chini mikwaruzo tele. Ikifika "Headhunter" inaruka, tena inaruka kwa kufuata mdundo, hata mdogo wangu akadhani ndivyo wimbo ulivyotungwa. Nikairudisha. Muuzaji akaiweka mashineni, akasikiliza kidogo, akaniambia: "Patron, si inaimba?" Pesa sikuziona tena. Kaka yangu aliye Brussels akaninunulia faili za kupakua, na hapo ndipo albamu ikanifungukia.

Front 242 ni Wabelgiji, walioanza mwaka 1981, na mtindo wao unajulikana kama EBM (electronic body music), muziki wa kielektroniki wa kuchezea. Albamu hii ilitoka 1988, kupitia lebo za Red Rhino Europe kwao na Wax Trax! ya Chicago kwa Marekani. Januari 2025 walipiga maonyesho yao ya mwisho hukohuko Brussels, kwa hiyo anayetaka kuwaona jukwaani amechelewa.

Sisi tuliokulia kwenye rumba tumezoea mwimbaji abembeleze kwanza, halafu sebene ifunguke watu wainuke. Hapa hakuna sebene ya kungojea. Ngoma ni za mashine, besi ni ya sintesaiza, na wimbo ukishaanza umeanza. "Im Rhythmus Bleiben" haikupi hata nafasi ya kuweka chupa chini. Jirani yangu, mzee aliyestaafu kampuni ya madini ya Gécamines baada ya kuishi miaka yote chini ya mumbunda, lile dohani refu la kiwanda, alivumilia nusu ya "Work 01" akainuka: "Hii ni kazi, mwanangu. Mimi nimeshapumzika."

Lakini "Headhunter"! Besi inaingia peke yake, nzito na kavu, kisha Jean-Luc De Meyer anaanza kwa ile sauti ya chini, kama ofisa anayesoma amri. Anayesimulia ni mtu anayewinda watu kwa malipo. Kwenye kiitikio anahesabu hatua za uwindaji, moja hadi nne, na balaa ni kwamba hesabu hiyo ina melodi tamu kabisa. Watoto wa kwetu wanaiimba uani bila kujua wanaimba nini. Sijui kama niwakataze.

Sasa, vyombo. Kwa simu besi yote inapotea. Tafuta bafle, yaani spika kubwa, hata la kuazima, na usiogope kuongeza sauti: nyimbo hizi zimepangwa kwa nafasi, kila mlio una pahali pake, hazigeuki kelele. Faili za ubora wa juu zinakula mega za intaneti sana, pakua usiku.

"Felines" mimi huiruka.

Kama una chaguo, chukua toleo lenye nyimbo za ziada, lile lenye "Welcome to Paradise". Humo wamekata sauti ya mhubiri wa Kimarekani anayewaambia maskini kwamba hawatakuwa maskini tena, wakaitandikia ngoma. Niliiweka Jumapili asubuhi, mama akauliza kutoka jikoni huyo mchungaji anasalisha wapi.