Kichocho, Vidonge Vitano na Kijana wa Duka la Dawa

Naandika nikiwa bado na hasira, mnivumilie. Nilikwenda kununua dawa ya kichocho, nikauziwa dawa ya minyoo ya tumbo na kusimangwa juu.

Mimi ni mama wa dagaa, Ukerewe. Kazi yetu ya mwaloni, pale mitumbwi inapoteremsha dagaa, huifanyi ukiwa mkavu. Tumbo lilikuwa limenisumbua kitambo, choo kina damu, mwili hauna nguvu. Kwa huku kwetu hapo hata asiyesoma anajua cha kuhofia. Nikaingia duka la dawa, nikamweleza kijana kwa sauti ya chini, maana kulikuwa na watu. Yeye akajibu kwa sauti ya mnadani: "Bi mkubwa, hiyo minyoo! Nyie watu wa mwaloni hamnawi mikono." Watu wote wakanigeukia, na mmoja wao ni mkwe wangu! Nikamwambia nataka ya kichocho. Akanisukumia kidonge kimoja cha albendazole. "Minyoo ni minyoo, mama. Tafuna."

Minyoo ni minyoo! Sasa nimjibu hapa, kwa kuwa siku ile ulimi ulinikauka. Albendazole siisemi vibaya, miligramu 400 mara moja na safura inaondoka, minyoo duara inaondoka. Lakini mnyoo wa kichocho haishi kwenye utumbo, anaishi ndani ya mishipa ya damu, na albendazole si dawa yake. Wala hakuniingia kwa mikono michafu. Anatoka kwa konokono wa ziwani, anapenya kwenye ngozi ukiwa umesimama majini. Ningenawa kwa sabuni mche mzima, angenipata tu. Mtu anayeuza dawa kando ya Ziwa Victoria hajui hili? Na kama hajui, kelele za nini?

Nikaenda kituo cha afya. Wakapima choo, mayai ya kichocho yakaonekana. Wakanipandisha kwenye mizani: kilo 75, vidonge vitano vya prazikwanteli, kwa hesabu ya miligramu 40 kwa kila kilo. Kijana wangu wa dukani mizani hana, ana mdomo. Muuguzi akaniuliza jambo moja tu: "Mama, umekula?" Nilitamani kumkumbatia.

Dawa yenyewe sasa. Ni vidonge vikubwa, na kikianza kuyeyuka mdomoni utajuta kuzaliwa. Meza haraka, maji mengi, na usitangulize tumbo tupu. Mimi nilikula ugali kabla, na bado kizunguzungu kilinilaza, tumbo likakata mchana kutwa, nikaapa sirudii tena. Muuguzi alikuwa amenionya kwamba mwenye minyoo mingi ndiye anayesumbuka zaidi, kwa hiyo hata maumivu yangu yalikuwa yananisengenya. Yakapita. Baada ya muda damu ikakoma, na nguvu za kubeba ndoo zikarudi. Hapo nikasema hii ndiyo dawa, nyota tano, sitaki ubishi.

Halafu nikaambiwa haizuii kuambukizwa upya, na minyoo michanga haiui vizuri. Yaani nikirudi majini, na nitarudi kwa sababu dagaa hawaji sebuleni, naweza kuanza upya. Mwanangu anapewa bure shuleni, wanampima urefu kwa mti wenye alama za kuonyesha ameze vidonge vingapi, anameza, kwisha. Mimi ninayeshinda majini kuliko yeye nilianzia kwa yule kijana mnadi.

Basi nyota nne. Muuguzi tano. Kijana sina nyota ya kumpa, na kile kidonge chake nilikilipia, chenji mpaka leo hajanirudishia.