Mafuta ya kivumbasi cha porini: chupa nzuri, lebo fupi

Nilinunua chupa ya mililita 10 ya mafuta ya kivumbasi yaliyokamuliwa kwa mvuke, katika duka moja la dawa za asili mjini Arusha, na baada ya kuyatumia kwa wiki sita nayasifu mafuta yenyewe kuliko maneno yaliyobandikwa juu yake.

Nilidondosha tone kwenye karatasi nyeupe, kando ya tone la mafuta ya alizeti. Baada ya siku mbili doa la alizeti lilikuwa bado linang'aa, ila la kivumbasi lilikuwa limekauka bila kuacha utando, dalili kwamba hayakuongezwa mafuta ya kupikia. Harufu yake ni ya karafuu, kali kiasi cha kunirudisha kwenye kiti cha daktari wa meno, wala si ajabu: yujenoli, inayoipa karafuu harufu yake, ndiyo huchanganywa na oksidi ya zinki kuziba jino kwa muda.

Kinachoniudhi ni lebo. Imeandikwa "Kivumbasi, huua bakteria wote", basi. Kivumbasi ni jina la mimea zaidi ya mmoja: Ocimum gratissimum huweza kuwa na yujenoli nyingi au, ukichumwa kwingine, thaimoli, ilhali Ocimum kilimandscharicum kwa kawaida hujaa kafuri. Yujenoli na thaimoli ni fenoli, yaani kemikali za kundi moja, na huharibu utando wa seli ya bakteria hadi vilivyomo vikavuja. Kafuri haifui dafu mbele yake. Hata fenoli hizo hazimalizi "wote", kwani bakteria aitwaye Staphylococcus aureus hudhurika upesi kuliko Pseudomonas aeruginosa, mwenye utando wa pili kwa nje na pampu za kutapika sumu iliyokwisha kuingia.

Kidondoshi nacho, kwa kuwa ni cha mpira, kimeshaanza kuvimba na kunata; mafuta ya aina hii hula mpira.

Nyumbani natia matone machache kwenye maji ya kupigia deki, na mengine kwenye pamba dirishani jioni, mbu wanapoanza kuingia. Kwenye kidonda sithubutu: tone moja lisilozimuliwa, nililolijaribu kwenye mkono, liliniwasha hadi usiku. Chupa ya pili nitainunua siku muuzaji atakapoandika jina la kisayansi la mmea, tarehe ya kukamuliwa na kiasi cha yujenoli kilichomo.