Kumaliza vita: wamama wakae mezani au wazibe mlango?

Watu hubishana sana hapa, eti mwanamke akitaka amani aingie kwenye mazungumzo au akae nje apige kelele. Mi nachukua mifano miwili tu.

Liberia 2003. Wamama Waislamu na Wakristo, nguo nyeupe, wanashinda juani karibu na soko la samaki Monrovia siku nenda siku rudi, Leymah Gbowee mbele, halafu mazungumzo yalipokuwa Ghana wakawafuata hukohuko wakaziba milango ya ukumbi, hatoki mtu, na walinzi walipotaka kumkamata Gbowee akatishia kuvua nguo, na kule mama mzima akivua nguo mbele yako ni laana hiyo, basi wakanywea wenyewe. Agosti mkataba wa amani ukasainiwa. Yaani kelele ya nje inaharakisha mambo, ila kalamu wameshika wengine.

Ireland Kaskazini walienda tofauti kabisa. 1996 wanawake Wakatoliki na Waprotestanti wakaunda chama fasta, wakaingiza wajumbe wawili kwenye mazungumzo ya amani, Monica McWilliams na Pearl Sagar. Walitukanwa humo ndani balaa! Lakini mkataba wa 1998 unataja wahanga wa vita na watoto wa pande zote mbili kusoma pamoja, mambo waliyoyapigania wao.

Mi naegemea mezani, kifungu kikishaandikwa kinabaki. Ingawa wale wa Liberia nao hawakulala, 2005 walizunguka kuwahimiza wenzao wajiandikishe kupiga kura, na Ellen Johnson Sirleaf akashinda urais.