Mashine yangu ya kwanza ya gemu: Ryzen 5 5600 na RX 6600 kwa joto la Kisumu

Nimekaa na hii kompyuta ya gemu miezi nane sasa. Nimeiunda mwenyewe, ya kwanza maishani, na juu kuna wasee kama watano hivi washaniuliza wanunue nini na kila mmoja namjibu nusu nusu kwa simu, acha niandike yote mara moja nipumzike.

Kwanza mjue inakaa wapi, juu hapo ndo stori yote iko. Ni Kisumu, Nyalenda ukishuka kuelekea Dunga, chumba cha mabati bila silingi, ikigonga saa nane mchana hata mende wanatafuta kivuli. Stima inaenda ikitaka na ikirudi inarudi na hasira. Na ziwa liko karibu, kwa hivyo zile siku wale vijidudu wa ziwani wanatoka, wale wanaonekana kwa mbali kama moshi juu ya maji, ukiwasha taa na dirisha liko wazi basi umewaita chakula cha jioni. Video zote nilizotazama za kuchagua vifaa zilikuwa za watu wako kwa vyumba vya AC, ungedhani stima haijawahi kuwapotea tangu wazaliwe. Walinifunza mengi, sitakataa, lakini vitu viwili walivyovipitia mbio mbio ndo vilinimaliza: pawa saplai (ile inagawia vifaa vya ndani stima) na keisi (boksi lenyewe).

Nianze na zile nilipatia.

Prosesa, ubongo wa kompyuta, ni Ryzen 5 5600, ile ilitoka 2022, kori sita, thredi kumi na mbili, wati 65. Nilitoa 15,500 ikiwa mpya kwa boksi na feni yake. Muuzaji wa Nairobi alinisukuma sana nichukue 5600G, "boss hii iko na grafiki ndani, kadi ya nini tena". Na ni ukweli iko nayo, kama pesa ya kadi ya grafiki (ile inachora picha za gemu) huna sai chukua hiyo bila aibu utacheza vitu vidogo ukingoja. Lakini kama kadi utanunua, hiyo G imepunguzwa: keshi (kumbukumbu ndogo ya haraka ndani ya prosesa) ni megabaiti 16 badala ya 32, alafu njia yake ya kuongea na kadi ni PCIe 3.0 badala ya 4.0 iliyo na kasi zaidi, na kadi niliyokuwa naiwinda inatumia leni nane tu za hiyo njia, si kumi na sita, kwa hivyo hiyo 4.0 inaifaa. Niliangalia pia i5-12400F ya Intel, nayo kori sita, nayo iko moto (hiyo F mwishoni maana yake haina grafiki, usije ukashangaa), lakini bodi za AM4 (soketi ya hii Ryzen) nilizipata kwa urahisi na siku nikishika pesa 5800X3D, prosesa kali zaidi, inaingia kwa soketi ile ile. Naipa nne na nusu kwa tano. Hiyo nusu nimeikata sababu ya pini, tutafika.

Madhabodi, ile bodi inabeba vifaa vyote, ni B550, 14,000. B450 ingeniokolea kama elfu nne, lakini kuna B450 za zamani zinakataa kuwasha prosesa za 5000 mpaka uapdeti BIOS (programu ya bodi yenyewe ya kuwasha mashine), na kuapdeti unahitaji prosesa nyingine ya zamani ambayo huna, labda bodi iwe na kile kitufe cha kuapdeti kwa flashi. Mtu akikuuzia B450 muulize BIOS ni toleo gani. Akikwambia "iko sawa tu", rudi nyumbani.

Ramu 16GB DDR4 ya 3200, vijiti viwili vya 8. Nililipa 6,500 kabla bei haijaruka mwisho wa 2025 wakati makampuni ya AI yalianza kufagia chipu zote, sai hata kuuliza naogopa. Chukua viwili si kimoja, weka tundu la pili na la nne ukihesabu kutoka kwa prosesa, alafu ingia BIOS uwashe XMP, ndo ramu itembee kasi iliyoandikiwa. Mimi nilicheza wiki tatu nikijua niko 3200, kumbe inatembea 2400. Binamu yangu ndo aliona, akacheka mpaka akakaa chini.

SSD, diski ya kuhifadhi gemu, ni NVMe ya terabaiti moja, 8,500, haina stori. Usichukue ya 500, GTA V peke yake inakula zaidi ya gigabaiti 100.

Sasa kadi. Hapa nilikaribia kuuziwa mbuzi kwa gunia. Nilianza nikitaka RX 580 ya 8GB juu ya bei, nikapata jamaa anaitoa kwa elfu kumi na mbili, picha safi, feni zinang'aa. Binamu akaniambia kabla utume pesa mwombe picha ya GPU-Z, programu ya kuonyesha kadi iko na nini ndani. Picha ikaja, sheda (vile viini vidogo vya kadi vya kuchora) 2048. RX 580 yenyewe ya 2017 iko na 2304. Hiyo ya 2048 ni ile ilitengenezewa soko la China, ndani ni RX 570 imevaa koti la kaka yake. Si ati haichezi, inacheza, lakini lipa bei ya 570. Na mitumba mingi ya aina hiyo imetoka kuchimba kripto, imekaa ikiwaka usiku na mchana. Nikamwambia jamaa asante, akaniblok.

Nikajinyima miezi miwili zaidi nikanunua RX 6600, mtumba, 24,000. Ni ya 2021, 8GB, inakula wati 132 wakati 580 inakula 185, na kwa chumba changu hizo wati zote zinageuka joto la kunikaanga mimi mwenyewe. Kwa 1080p FC (gemu ya mpira) inapita fremu 100 kwa sekunde bila kuhema, CS2 (ya kupigana risasi) pia sina malalamishi. Tano kwa tano. Sijajutia hata siku moja.

Vile ilifika sasa. Vifaa vilikuja na basi kwa mafungu, prosesa na bodi Jumanne, kadi Ijumaa. Mimi na haraka zangu Jumatano nikaunganisha kila kitu, nikachomeka HDMI kwa madhabodi, nikabonyeza, feni zikazunguka, skrini giza. Nikatoa ramu nikarudisha. Nikatoa betri ya BIOS. Nikapiga simu tatu. Saa saba usiku ndo nikakumbuka hii prosesa haina grafiki, kitu ambacho nilikuwa nimekisoma mara mia na ndo sababu nilikataa ile G. Sawa. Ijumaa kadi ikaja, nikaiweka, nikachomeka HDMI kwa madhabodi tena. Msinicheke.

Tufike kwa kidonda chenyewe. Keisi nilinunua ile ya kioo mbele, kioo ubavuni, feni nne za taa za rangi, 6,500, na ndani iko na pawa saplai ya bure, imeandikwa 650W kwa herufi kubwa kama bango la mwanasiasa. Jina la kampuni sitalitaja. Nikaona nimeokoa pesa. Ilikuwa nyepesi kama mkebe wa Blue Band ulioisha lakini nikajiambia labda teknolojia imesonga. Kadi ilikuwa inataka pini nane, hii haikuwa nazo, ikakuja na kile kiunganishi cha kubadilisha, bado sikushtuka.

Mwezi wa kwanza mashine ikawa inajizima katikati ya gemu. Si kila mara, ni pale tu mechi imenoga. Alafu usiku mmoja stima ikapotea, ikarudi, ikapotea, ikarudi kwa kishindo, nikaskia "pa!" moja kavu na harufu ya samaki wa kuungua, na mimi naishi karibu na Dunga, harufu ya samaki naijua, hii haikuwa ya samaki.

Asubuhi nikaibeba kwa mfuko wa rambo hadi kwa fundi mmoja karibu na Oginga Odinga Street. Mzee wa makamo, miwani kwa kamba. Akaiinua kwa kidole kimoja.

"Omera, hii uliuziwa kwa kilo?"

Nikamwambia ilikuja na keisi. Akageuza ile lebo ya ubavuni akanionyesha kwa ncha ya bisibisi mahali pameandikwa +12V na 18A.

"Kumi na mbili mara kumi na nane ni ngapi?"

"Mia mbili na kumi na sita."

"Na hapa juu wameandika?"

"Mia sita na hamsini."

Akarudi kwa chai yake. Hakuongeza neno.

Hesabu nikaifanyia njiani kwa tuktuk. Kadi 132, prosesa ikikaza inaweza kuvuta kama 76, hizo ni 208, bado feni, bado SSD, bado bodi. Nilikuwa naiendesha kwa ukingo wa shimo kila siku. Hiyo laini ya 12V ndo inalisha kadi na prosesa, ile namba kubwa ya mbele ni mapambo. Ukienda dukani usisome mbele, geuza usome ubavu.

Nikanunua nyingine kwa yule yule fundi, 550W ya 80 Plus Bronze (cheti cha kutopoteza stima ovyo), ampea 45 kwa 12V, 8,800, nzito unaweza kufungia mlango. Tangu siku hiyo haijazima yenyewe hata mara moja. Akaniuzia pia UPS ya 650VA kwa 7,000, na hizo VA si wati, yangu imeandikwa wati 360 kwa lebo. Si ya kuendelea kucheza, ni ya kukupa dakika chache useivu uzime kama mtu mstaarabu. Huyo fundi nampa tano na chai juu. Hakuniuzia kitu sikuhitaji, na alipima bodi na kadi yangu bila kunilipisha akahakikisha hazikuondoka na ile takataka.

Keisi sasa. Kile kioo cha mbele ni kizuri kwa picha, lakini feni tatu zinavuta hewa kutoka wapi? Kwa upenyo mdogo wa kidole pembeni. Mchana prosesa ilikuwa inafika digrii 89, na mwisho wake hii 5600 ni 90. Nikakubali hasara, nikanunua keisi ya wavu mbele, 7,500, nikahamisha feni, saa ile ile ya mchana, gemu ile ile, ikashuka 74. Pia nimefunga fremu 75 juu monita yangu ni ex-UK ya 75Hz, hizo za ziada sizioni kwa macho, zinapasha chumba tu.

Nikadhani nimemaliza. Hapana. Wavu mbele, feni za taa nyuma yake, usiku, karibu na ziwa. Mnaona penye hii inaelekea. Zile taa zikawa zinawaita vijidudu na feni zinawavuta. Wiki moja tu, nikafungua kuangalia mbona joto linapanda tena, nikakuta kile kichujio cha mbele kimevaa blanketi ya kijivu, laini, ukigusa inabomoka unga kwa vidole, na wengine walipita hadi kwa mapezi ya feni ya prosesa wamejipanga kama omena kwa turubai.

Nikaamua kutoa feni ya prosesa nisafishe. Nikafungua skrubu nne, nikavuta. Haikutoka. Nikavuta kwa nguvu, ikatoka na prosesa yenyewe ikiwa imeng'ang'ania chini, ile wenzo wa soketi bado umefungwa. Pini mbili zimelala. Moyo ulisimama. AM4 pini ziko kwa prosesa, si kwa bodi, na soketi haiishiki vizuri ukivuta juu, hiyo ndo nusu niliikata pale juu. Nilizinyoosha na kalamu ya risasi ya kubonyeza, ile ya ncha nyembamba, imetolewa risasi, unaingiza pini kwa tundu la ncha unasukuma polepole huku umeshika pumzi. Ikawaka. Kumbe ungecheza kwanza dakika kumi ile pesti kati ya feni na prosesa ipate joto ilainike, uzime, uchomoe waya, alafu uzungushe feni kidogo kushoto kulia kabla ya kuvuta. Na ukifungua skrubu shikilia kile kibati cha nyuma ya bodi juu kinaanguka.

Jumla ilifika 98,300 bila monita, na nilikuwa nimejiapia themanini. Kati ya hizo, 6,500 ni za kioo na mkebe wa Blue Band, na keisi ya kioo sai ni kabati ya viatu vya binamu.

Taa zote nimezizima kwa programu na usiku nacheza dirisha limefungwa, nikiloa jasho lakini mashine iko salama. Feni ya nyuma peke yake inakataa kuzima taa yake, iko na rangi moja ya bluu haibadiliki, na vijidudu vinaipenda kuliko zote. Natafuta ya milimita 120, nyeusi, isiyo na taa yoyote. Ukiwa nayo hapa Kisumu weka bei, nakuja na pesa mkononi.